Kauli ya Kutendwa

Jina langu silitaji hapa, na usinisumbue. Nikilitaja utalinyambua, na mimi nimechoka kunyambuliwa. Ukishuka stejini Ruiri, pale magari ya Meru na ya Isiolo yanapopishana, uliza tu jamaa ambaye jina lake ni kitendo. Utaonyeshwa. Watoto wa shule ndio watakaokuwa wa kwanza kunyoosha kidole.

Utasema najivuna. Utasema majina yanayogeuzwa vitenzi ni ya wakubwa, watu wa bendera kwenye gari, si ya mtu wa vitunguu viwili na mbuzi mmoja. Haya, hapo umesema kweli. Na hapo ndipo ninapoumia. Mkubwa jina lake likinyambuliwa, anapata umaarufu. Mimi langu limenyambuliwa na sijawahi kugombea hata uenyekiti wa kisima.

Wenye makosa ni hili bunge la kibandani kwa Mama Chapo. Halina spika. Halina posho. Lakini halijawahi kwenda likizo, Krismasi linakaa, matanga yakiwepo linakaa. Kuna Mwalimu, mstaafu, amefundisha Kiswahili tangu tuko na suruali fupi. Kuna vijana wa bodaboda, wao hawanunui kitu ila sauti yao ndiyo kubwa. Kuna mzee wa nyanya za Gakoromone. Na kuna mimi, kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi. Sikupangiwa na mtu. Ni vile kila nikifika, ndicho kimebaki.

Kazi ya bunge hilo ni moja. Linachukua jina la mwanasiasa, linalipachika *ku-* mbele, linalitia chumvi, halafu linatafuta mtu wa kulijaribia. Mtu huyo ni nani? Usiulize maswali ya kitoto.

Tuanze na Michuki. Marehemu John Michuki alikuwa waziri wa uchukuzi serikali ya Kibaki, na zile kanuni zake za matatu zilianza kazi tarehe 1 Februari 2004. Mikanda kila kiti. Kidhibiti mwendo, mwisho kilomita 80 kwa saa. Mstari wa njano ubavuni. Abiria 14 na hakuna wa kuning'inia. Nchi nzima ikaziita sheria za Michuki, na mpaka leo zinaitwa hivyo, ingawa mzee alituacha Februari 2012. Wengine waliishia hapo, kwenye sheria za Michuki. Kibanda chetu kikaona hiyo ni nomino tupu, haina miguu. Kikasema: *kumichuki*. Maana yake ni kumshusha abiria wa ziada kabla ya gari kufika kwa polisi.

Sasa nipe hesabu. Gari la watu 14. Tumejazwa zaidi ya hapo na kila mtu ndani anajua. Kizuizi cha karao kiko pale mbele. Makanga anageuka, anatupitisha macho. Anamruka mama mwenye mtoto. Anamruka mzee wa kanisa. Anamruka kijana wa mazoezi ya kunyanyua vyuma, huyo hata hamtazami vizuri. Macho yanatua kwangu. "Buda, wacha nikumichuki kidogo. Tembea upite karao, tutakungoja mbele."

Nashuka. Natembea na gunia langu begani, jua la Ruiri juu, vumbi la kutoka Isiolo machoni. Nawapita polisi. Nawasalimia, kwa sababu ukimya utaonekana ni hatia. Nao wananijibu wakicheka, maana wananijua, wameniona nikipita hivyo mara nyingi kuliko naibu chifu. Wanajua hilo gari lililosimama pale mbele taa zinawaka linamngoja nani. Nafika natokwa jasho, nakuta nafasi yangu imekaliwa na kreti ya nyanya. Kreti, bwana. Makanga ananiambia nyanya hazihesabiwi na polisi. Nasafiri nimeinama mpaka Meru mjini, nauli ni ile ile.

Halafu akaja Mututho. Huyu alikuwa mbunge wa Naivasha, na sheria yake ya vileo ya mwaka 2010 ikaweka saa: siku za kazi baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni, ifungwe saa tano usiku. Kenya nzima ikawa na saa za Mututho. Watu walizitaja hivyo kama zimeandikwa kwenye kalenda. Kwetu ikawa *kumututho*, yaani kumfungia mtu raha katikati. Na niseme mbele ya Mungu, mimi si mlevi. Siku ile niliyomututhiwa nilikuwa nimeingia baa kuchaji simu. Watu walipotawanyika kupitia dirisha la nyuma, mimi nilibaki nimeshikilia waya. Niliishia kulala ndani ya duka la jirani yangu wa mbali, kwenye gunia la ndengu, simu ikiwa na asilimia sita.

Nilipolalamika kibandani, Mwalimu alifuta miwani. Akasema kitenzi kina kauli. Kutenda, kutendwa, kutendea, kutendana, kutendesha. "Wakubwa wako kauli ya kutenda," akasema. "Wewe, rafiki yangu, uko kauli ya kutendwa."

Mimi nilijua kauli ni ile unayoandikisha kituoni. Nikamwambia sijaandikisha kauli yoyote na sina kesi. Chai iliwatoka puani. Mpaka leo sijaambiwa vizuri kilichochekesha.

Nikafikiri siasa za kaunti zitanipumzisha. Wapi. Magavana wetu wa Meru majina yao yanakuja yameshanyambuliwa kutoka kiwandani. Wa kwanza, Peter Munya, mwaka 2013. Sasa mpe Mswahili jina Munya umwambie asifikirie *kumumunya*. Mtu mzima ana pipi shavuni na anatajwa kama gavana, bila kosa la gavana. Wa pili, Kiraitu Murungi, 2017. Hilo lilitushinda, lilikwama kooni, vijana walijaribu kulinyambua wakapaliwa. Wa tatu, Kawira Mwangaza, mgombea huru, 2022. Mwalimu akasema hapa hakuna kazi ya kufanya, *kumwangaza* ni kitenzi kamili tangu enzi za babu.

Lakini unajua yaliyompata. Madiwani walipiga kura kumwondoa Desemba 2022, Seneti ikamrudisha. Wakamwondoa tena 2023, Seneti ikamrudisha tena. Wakamwondoa mara ya tatu, na Agosti 2024 Seneti ikakubali. Kukaja amri za korti, tukangoja, mpaka Machi 2025 Mahakama Kuu ikasema basi, ameondoka, naibu wake akaapishwa. Bunge la kibanda likaketi usiku huo. Likapitisha kwamba kuanzia sasa, *kumwangaziwa* ni kufukuzwa na kurudi, kufukuzwa na kurudi, kisha kufukuzwa kabisa.

Likahitaji mtu wa mfano. Mama Chapo akafungua daftari la deni. Ukurasa wangu una alama ya mkunjo, unafunguka wenyewe. Alikuwa amenifuta kwenye orodha ya wanaokopeshwa. Mzee wa nyanya akaniombea, nikarudishwa. Akanifuta tena. Mke wangu akaniombea, nikarudishwa. Mara ya tatu akapeleka shauri kwa mumewe, na mumewe ni mtu wa maneno machache. Alichukua kalamu nyekundu. Nikamwangaziwa.

Ngoja nikukumbushe jambo, kwa sababu watu wa Nairobi wanajifanya wamegundua kila kitu. Mwaka 2025 wote walikuwa wanaimba *wantam*, ati Rais Ruto apewe muhula mmoja, na wenzao wanajibu *tutam*, miwili. Wantam ni ya nani? Munya muhula mmoja. Kiraitu muhula mmoja. Mwangaza hata huo mmoja hakuumaliza. Meru haijawahi kumpa gavana muhula wa pili. Sisi tulikuwa tunafanya wakati wao hawajapata hata neno lake. Mrabaha hatujaona.

Twende Nairobi basi. Rigathi Gachagua. Jina lenyewe limebeba *chagua* tumboni, na watu wa kibanda hawawezi kuacha kitu kama hicho kilale bure. Bunge la Taifa lilimpigia kura ya kumng'oa unaibu wa rais tarehe 8 Oktoba 2024. Seneti ikamalizia tarehe 17, mwenyewe akiwa hospitalini. Profesa Kindiki wa Tharaka Nithi, jirani yetu hapa chini, akaapishwa tarehe 1 Novemba. Kwetu neno lilikuwa tayari kabla chai haijapoa: *kugachaguliwa*. Kuchaguliwa kwa shangwe, kisha kutolewa ukiwa kitandani.

Mimi wakati huo nilikuwa mweka hazina msaidizi wa chama chetu cha mbuzi. Msaidizi, si mwenye funguo. Tumbo likaniuma, nikalala nyumbani na uji. Simu ikalia tii. Nikaangalia: umeondolewa kwenye kundi. Sikuambiwa "pole". Sikuitwa kujitetea. Kijana wa bodaboda alikuja jioni kunijulia hali, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Mzee, umegachaguliwa, lakini uji endelea kunywa." Na aliyechukua nafasi yangu ni shemeji yangu.

Na Zakayo je? Najua, Zakayo si jina la ukoo la mtu, ni yule mfupi wa Injili ya Luka aliyekuwa mkuu wa watoza ushuru, akapanda mkuyu. Lakini Rais Ruto alivalishwa hilo jina likamkaa kuliko suti. Mwaka 2023 kodi ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 mpaka 16, kisha 2024 ukaja ule mswada wa fedha, na vijana wakaingia barabarani wakipaza sauti: Zakayo shuka. Tarehe 25 Juni wakafika mpaka ndani ya Bunge. Watu walipigwa risasi, watu walikufa. Siku hiyo kibandani hakuna aliyenyambua chochote, na hapa pia sinyambui. Kesho yake Rais akasema mswada hatautia sahihi.

Neno lenyewe liliteremka mpaka kwangu polepole. Nilimtuma mtoto wa dada yangu dukani na soo moja alete sukari robo na chenji. Sukari ililetwa. Chenji ilikuja imekonda. Nikamuuliza. Akanitazama bila haya, peremende shavuni, akasema, "Mjomba, nimekuzakayo kidogo." Ana miaka minane! Nikamwita mama yake. Mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo nilikuwa nimezakayowa na kumunyiwa kwa mkupuo mmoja, na hakuna wakili.

Sasa tazama wenyewe wanavyofanya. Mwisho wa 2024 mitandaoni wakamletea Rais jina jingine, Kasongo, kutoka ule wimbo wa zamani wa Orchestra Super Mazembe. Ungetegemea akasirike. Alisimama jukwaani akayahesabu majina yake mwenyewe, Hustler, Zakayo, Kasongo, na umati ukacheka naye. Umeona? Mkubwa humtusi. Ukimtusi anavaa tusi lako, linamtosha, anakupungia mkono nalo. Wewe umebaki umekenua, na bei ya mafuta iko pale pale.

Mwalimu anasema ugonjwa huu hauko Kenya tu. Alituletea habari siku moja, kikombe mkononi. Enzi za Rais Mkapa, 1995 mpaka 2005, vijana wa Dar es Salaam waliita kukosa pesa *ukapa*. Mtu anageuza mifuko nje anasema nina ukapa. Alipoingia Magufuli mwaka 2015, jina lake nalo likafanywa kitenzi, cha kubana matumizi, na sisi Wakenya pia tukachekesha watu nalo. Ulaya, 2022 vita vilipoanza, Waukraine walichukua jina la Rais Macron wa Ufaransa. Likawa kitenzi cha kuonyesha wasiwasi mwingi, kupiga simu nyingi, na kutofanya kitu. Na vijana wa Ujerumani mwaka 2015 walikuwa na *merkeln*, kutoka kwa Angela Merkel. Maana yake ni kukaa tu bila kuamua.

Mimi nilijua Merkel ni winga wa Bayern. Sikusema. Niliuliza tu, kwa heshima: yaani Wajerumani wana kitenzi kizima cha mtu kutofanya chochote?

Mama Chapo, mgongo kwetu, akigeuza chapati, akasema, "Hata sisi tunacho. Si tunatumia jina lako?"

Hapo ndipo nilipojua. Wote walikuwa wanajua. Mzee wa nyanya alikuwa anajua. Jina langu, nililopewa la babu yangu, mtu aliyekuwa na ng'ombe na heshima zake, limekuwa kitenzi. Maana yake, kwa mujibu wa Mama Chapo, ni kufika chai ikimiminwa na kukumbuka mbuzi hajafungwa pesa zikikusanywa.

Sasa niambie. Kama mbuzi kweli hajafungwa, mtu afanye nini? Na kama mbuzi hulegea kamba saa ile ile ya bili, hiyo ni tabia ya mbuzi ama ni yangu?

Hakuna aliyenisikiza. Neno likashika barabara. Lilipanda matatu. Kanisani mhubiri alilitumia kwenye mahubiri ya sadaka, na waumini wakageuka wote kuangalia benchi langu. Sokoni Gakoromone, mama ambaye hajawahi kuniona alimwambia mteja wake, "Wewe, usini..." na akalitaja jina la babu yangu na kiambishi mbele. Niliganda na kabichi mkononi. Nikataka kumwambia ni mimi. Halafu nikaona si busara, nilikuwa bado sijalipa hiyo kabichi.

Kilele kilikuwa nyumbani. Binti yangu alikuwa na zoezi la kunyambua vitenzi. Nikafungua daftari kama mzazi anayejali. Namba tatu: tenda, tendea, tendwa, na hapo jina letu, limenyambuliwa safi, halina kosa. Kando yake kuna tiki nyekundu. Mwalimu wake alikubali!

Nikasema basi, na mimi nifaidi. Kama wanasiasa wanakula kwa majina, hata mimi nina jina. Na kweli, akaja mheshimiwa mtarajiwa, anautaka udiwani. Jina lake silitaji pia. Alikuja na gari mbili na watu wa kupiga vigelegele. Akanikumbatia. Akaniita mzee wa kitenzi. Akasema atalitia jina langu kwenye fulana, litaimbwa, litafika Nairobi. Akaagizia kibanda chote chai na chapati mbili mbili, ndengu juu. Watu walikula mpaka vijana wa bodaboda wakalegeza mikanda. Nilikalishwa kwenye kiti kizuri kwa mara ya kwanza. Nikaona maisha yamenikumbuka.

Mama Chapo alipoanza kuhesabu sahani, mheshimiwa alitazama saa. Akakumbuka matanga Timau. Gari mbili, vumbi, honi, kwaheri.

Kibanda kikanyamaza. Daftari likafunguka, wewe unajua ukurasa gani. Kisha kijana mmoja akasema taratibu, kwa masikitiko kabisa, kwamba mheshimiwa amenifanyia mimi mwenyewe mimi. Mwalimu akavua miwani. Akasema katika miaka yote ya ualimu hajawahi kuona mtu akitendwa kwa jina lake mwenyewe, na kwamba sarufi haina kauli ya hilo. Niliuza kuku wawili kulipa. Hata sikuonja ndengu, nilikuwa napiga makofi.

Basi wacha nikuambie nilichokiona kutoka kwenye kile kiti cha mguu mfupi, maana nimerudishwa hapo. Wanasiasa hawaogopi vitenzi. Merkel alitawala miaka kumi na sita, hicho kitenzi chake kikiwa njiani. Wanaogopa kimoja tu: kupiga kura. Munya hakutolewa na pipi, wala Kiraitu hakutolewa na kukwama kooni. Walitolewa debeni, na watu waliosimama kwenye foleni. Mswada wa 2024 haukurudi kwa sababu neno Zakayo ni tamu, ulirudi kwa sababu watu walitoka na miguu yao, na wengine hawakurudi nyumbani.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Endelea kunyambua, siwezi kukuzuia, mimi ni nani. Lakini kama hujajiandikisha, chukua kitambulisho chako uende ofisi ya IEBC iliyo karibu nawe. Nenda mapema. Na usiniambie ati mbuzi hajafungwa.